Mtaa Usio na Nzi

Jambo la kwanza ambalo Priscah aliligundua katika Mtaa wa Utulivu ni kwamba haukuwa na nzi, na kwa bahati mbaya alifurahi.

Msimlaumu haraka. Mwanamke huyu alikuwa afisa wa afya mjini Kakamega, na miaka yake yote ya kazi alikuwa akipigana na nzi. Aliingia jikoni mwa hoteli bila kubisha, akafunua masufuria, akachungulia nyuma ya friji za bucha mahali ambapo hata mwenye bucha hajawahi kuchungulia. Alikuwa na fomu ya kijani, kalamu, na pua. Fomu watu waliizoea. Pua ndiyo waliyoiogopa. Mama mmoja wa mandazi aliwahi kusema kwamba Priscah anaweza kumnusa mende aliye Malava akiwa ameketi ofisini Kakamega, na ingawa hayo ni maneno ya sokoni, hayakuwa mbali sana na ukweli.

Lakini nyumbani kwake mwenyewe, na hiyo ndiyo aibu, alikuwa akiishi kwenye uchafu. Walikuwa wamepanga vyumba viwili nyuma ya soko, mlango ukitazamana na mtaro wa maji meusi na ukuta wa mahali pa kuchinjia kuku. Nzi waliamka kabla ya watu. Walitembea juu ya mkate, juu ya vikombe, juu ya midomo ya Nekoye, binti yake wa miaka sita, akiwa bado amelala. Mwaka ule Nekoye aliugua homa ya matumbo mara mbili. Mara ya pili alibaki mifupa na macho, na daktari akamvuta Priscah pembeni.

"Madam, hii kitu unaijua kunishinda," alimwambia kwa sauti ya chini. "Mtoe huyu mtoto pale. Ikirudi mara ya tatu, mimi sikuahidi kitu."

Kwa hiyo walitafuta nyumba, na mumewe, Phineas, mwalimu wa hesabu, ndiye aliyesikia habari za Mtaa wa Utulivu, kando ya barabara ya kwenda Malava. Nyumba mpya, maji ya mfereji, ukuta, geti. Priscah alikwenda kuukagua Jumanne moja. Alichukua fomu yake ileile ya hoteli, akakata neno "Hoteli" kwa kalamu, akaandika "Mtaa". Hakuna mahali pa kumhamishia mtoto wake ambapo asingepapatia alama kwanza.

Aliyempokea getini ni msimamizi wa nyumba, mtu mnene aitwaye Were, aliyevaa kofia ya sufu ingawa jua lilikuwa kali, na uso wake ulimeremeta kama wa mtu aliyetoka kula nyama ya mafuta na hakunawa.

"Mulembe, madam. Karibu. Hapa ni pazuri," alisema. "Watu wakiingianga hapa, hawatokangi."

Walifika kwenye lundo la taka. Kulikuwa na vichwa vya samaki, maganda ya ndizi, nepi, matumbo ya kuku ya siku tatu. Priscah alisimama pale akitazama. Hakukuwa na nzi hata mmoja. Hakukuwa na funza. Wala mchwa, wala panya, wala kunguru aliyekuja kudonoa.

"Mnapiga dawa gani?"

"Hatupigangi dawa. Wanatuogopanga tu," Were alisema, akacheka.

Priscah aliandika kumi juu ya kumi. Hapo ndipo kosa lilipoingia, na lilikuwa kosa la kikazi. Mkaguzi hufundishwa kutafuta kilichopo. Hakuna anayemfundisha kuogopa kisichokuwapo, na mtu mwingine yeyote, mkata miwa wa Musanda asiyejua fomu ni nini, angeona matumbo ya kuku yasiyotuliwa na nzi akarudi alikotoka bila kuaga.

Waliendelea. Nyumba zilijengwa kwa duara, zimepeana mabega bila nafasi katikati. Nyuma ya kila nyumba mlango wa jikoni ulifungukia kwenye ujia mrefu ulioezekwa mabati, mweusi, wa chini, usio na dirisha. Ujia huo ulizunguka na kupinda, na mwisho wake ulikuwa mmoja: kiwanja kidogo cha kuanikia nguo, katikati ya mtaa wote, mahali pekee palipopata jua.

"Tulifunika ndio watu wakienda kuanua nguo wasinyeshewe," Were alieleza. "Si unajua mvua ya huku. Saa kumi, kila siku."

Hilo nalo lilimpendeza. Katikati ya kiwanja palikuwa na mfuniko wa saruji, wa mviringo, na Were akasema ni shimo la maji taka. Priscah alipiga magoti akanusa ukingo wake, maana kunusa mashimo ya maji taka ilikuwa sehemu ya mshahara wake. Hapakunuka maji taka. Palinuka mafuta. Palinuka kama kumbikumbi, wale ambao huku kila mtu huwaita tsiswa, waliokaangwa wakasahauliwa kwenye sufuria wiki nzima, harufu tamu inayoganda kooni. Alikunja pua. Lakini hakuna sheria inayokataza shimo kunukia chakula, akaandika nane.

Jirani wa mlango wa pili alikuwa Chepng'etich, Mama Joash, aliyeolewa huko Lugari kabla hawajahamia hapa. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani mpaka juu ya macho. Priscah alimuuliza swali ambalo huliuliza kila mara: nani wamehama, na kwa nini?

"Hakuna," Mama Joash alisema.

"Hata mmoja? Tangu mtaa ujengwe?"

"Wahame waende wapi?"

Kumi juu ya kumi. Wakahamia mwisho wa mwezi.

Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu, tusiwe wachoyo wa kusema ukweli. Nekoye alikula akamaliza. Tumbo halikumuuma. Mashavu yakaanza kurudi, na Priscah, aliyekuwa amezoea kuamka kila alfajiri kumgusa mtoto paji la uso, alilala mpaka jua likampata kitandani.

Wiki ya pili vikombe vikaanza. Aliviosha kwa maji moto na sabuni, akavifuta, akavipanga, na alipovichukua tena vilikuwa na utando wa manjano ndani yake, mwembamba, wenye kuteleza. Aliviosha kwa majivu. Aliviosha kwa limau. Utando ulirudi. Ukawa kwenye vijiko, kwenye vitasa vya milango, kwenye mto wa kulalia, na harufu ileile ya tsiswa zilizovunda ikaingia kwenye nguo zake mpaka wenzake ofisini wakaanza kufungua madirisha alipoingia. Yeye, Priscah, mwenye pua! Alioga mara tatu kwa siku. Akijikwaruza mkono kwa ukucha, ukucha ulitoka na mafuta.

Kisha zikaja nywele. Siku moja walikuwa wakila, Phineas akavunja tonge la obusuma, ugali wa kwao, na ndani yake palikuwa na unywele mrefu, mwekundu wa rangi ya dukani. Priscah hakuwahi kupaka nywele rangi maishani. Aliuvuta. Ukaendelea kutoka. Ukaendelea, ukiwa umepakaa mafuta, na mwisho wake ulikuja na kinundu cheupe kama punje ya mchele. Alikimbia nje akatapika. Aliporudi, Phineas alikuwa amemaliza lile tonge, na anakata jingine.

"Ni unywele tu, Mama Nekoye," alisema. "Chakula ni chakula."

Wanaume wengine wana matumbo ya chuma, alijiambia. Lakini huyu hakuwa hivyo. Huyu ndiye aliyewahi kukataa chai kwa sababu ya sisimizi mmoja.

Siku iliyofuata Mama Joash alikuja kuomba chumvi, na alipoinama kuipokea kitambaa chake kikateleza kikaanguka. Kichwa kilikuwa kitupu. Hakikuwa kimenyolewa. Kilikuwa laini, chenye majimaji, kama yai lililomenywa, na pale unywele ulipokuwa ukiota palikuwa na vitundu, mamia, na kila kitundu kilikuwa kikitoa tone dogo la mafuta. Hakuwa na nyusi. Mama Joash hakuona haya wala hakushtuka. Alijipangusa utosi kwa kidole kimoja, akakitazama kile kidole, akakilamba, kisha akaokota kitambaa.

"Asante kwa chumvi," alisema.

Priscah alifunga mlango akaukaza kwa mgongo wake. Alikumbuka kofia ya Were. Alikumbuka kwamba watoto wote wa mtaa ule huvaa kofia. Alikumbuka kwamba hajawahi kusikia mtoto akilia pale, na kwamba hilo nalo alilipatia alama.

Mvua ya saa kumi yeye hakuwa ameiona, maana saa hizo alikuwa kazini, na wikendi alikuwa akikagua masoko. Aliisikia tu kwa midomo ya wengine. Lakini mchanga wa getini ulikuwa mkavu kila jioni, na nguo zilizokunjwa kitandani zilinuka jua. Alhamisi alitoroka ofisini mapema. Alishuka barabarani, akatembea hadi getini, na jua likimchoma utosini, mbingu nyeupe kutoka pembe hadi pembe, alisikia mvua ikinyesha juu ya mabati ya Mtaa wa Utulivu.

Ti-ti-ti. Ti-ti-ti. Ti-ti-ti.

Ilikuwa mvua yenye mpigo. Alisimama akaisikiliza na nywele za mikono zikamsimama, kisha akakimbia, akapita sebuleni, akafika jikoni akakuta mlango wa nyuma uko wazi na kwenye giza la ujia Phineas na Nekoye wanarudi, taratibu, wamekumbatia nguo, nyuso zao zimelegea kama za watu waliotoka kusinzia kanisani. Mvua ikakoma.

Msuko mmoja wa Nekoye ulikuwa haupo. Haukukatwa. Mahali pake palikuwa na duara laini linalong'aa.

"Nywele yako iko wapi, mama?" Priscah alinong'ona.

"Imepulizwa."

"Na nani?"

"Na mvua." Mtoto alisema hivyo kama anayesema jina la mwalimu wake.

"Mwache mtoto," Phineas alisema. "Kulikuwa na upepo." Na nyusi yake ya kushoto haikuwapo, na pale ilipokuwa palimeta mafuta.

"Baba Nekoye, tunahama. Leo."

Phineas alimtazama kwa mshangao wa kweli, bila hasira hata kidogo. "Tuhame twende wapi?"

Priscah alifungua mdomo kumjibu, na jina la ule mtaa wa nyuma ya soko, alikoishi miaka tisa, likamkataa. Alilitafuta kama mtu anayepapasa swichi gizani. Lilimjia baada ya muda mrefu sana. Hapo ndipo alipoogopa hasa, maana alijua siku zake mwenyewe zinahesabika. Akachukua simu, akampigia mtu mmoja tu katika dunia hii aliyeijua harufu ya tsiswa kumshinda.

Mama yake Phineas alikuwa Dorothy, lakini tangu Nekoye azaliwe wote walimwita Kukhu, nyanya. Kule Khwisero alikuwa na vichuguu vinne alivyorithi kwa mama mkwe wake, na msimu wa tsiswa ukifika hakuna aliyemshinda kuzitoa. Alikuwa na ulimi mkali na goti bovu. Ijumaa Priscah alikwenda na Nekoye ofisini; Jumamosi, saa tisa na nusu, Kukhu alishuka kwenye pikipiki getini pa Utulivu na kikapu chake, akatazama ndani, na mguu wake haukuvuka.

"Mulembe, Kukhu, ingia," Priscah alisema.

"Siingii." Alikuwa ameziba pua kwa leso. "Mukhana wanje, binti yangu, hapa mahali palikuwa na nini mbele ya nyumba?"

Were alikuwa karibu, na ndiye aliyejibu, bila kusita. "Kichuguu, mama. Kikubwa kama kanisa. Tulikisawazisha, ndio sasa pale kwa kuanika nguo."

"Kilikuwa cha nani?"

"Hakikuwa cha mtu. Wenye shamba walisema hakuna mtu kwao alikuwa anatoanga tsiswa pale."

Kukhu alitema mate chini. "Sikieni huyu! Miaka ya njaa watu wa huku walikula mpaka ngozi ya kiti, halafu kichuguu kikubwa kama kanisa kikae bure, hakuna mtu anagusa? Ulishawahi kuona kichuguu Kakamega hii haina mwenyewe? Mnapimanga ardhi na kamba na wanasheria, rakini hiyo ya kuuliza kichuguu ni cha nani, ambayo hata mtoto anajua, iliwashinda!"

Were alitabasamu tu na kujipangusa mdomo. Kukhu akamshika Priscah mkono, akamvuta mbali, na sauti yake ikashuka.

"Wewe umekula tsiswa miaka yako yote, rakini hujawahi kuzitoa. Sikiliza. Unafunika kichuguu na matawi na blanketi, iwe giza ndani. Unaacha mlango moja tu ya mwanga. Hapo kwa mlango unachimbia debe. Halafu unachukua vijiti unapiga, ti-ti-ti, ti-ti-ti. Wale wa ndani wanafikiri ni mvua. Wanatoka wenyewe, hakuna mtu amewaita. Wanafuata mwanga, wanaanguka kwa debe. Wewe unachukua moja na vidole mbili, unampuliza mbawa zitoke, fuu, halafu unatia mdomoni."

Priscah alitazama nyumba zilizopeana mabega. Alitazama bati jeusi la ujia. Alikumbuka kile kiwanja chenye jua na ule mfuniko wa mviringo, na mate yakamjaa mdomoni.

"Sasa niambie," Kukhu alinong'ona, "hapa nani amefunikwa?"

"Nekoye yuko ndani," Priscah alisema. "Kukhu, Nekoye yuko ndani na baba yake."

Na juu ya mabati, kwenye jua lile, mvua ikaanza.

Kukhu alivuka geti, goti bovu na yote. Waliingia nyumbani wakakuta sebule tupu, jikoni tupu, mlango wa nyuma wazi, na Priscah akaingia kwenye ujia bila kufikiri. Giza lilikuwa na joto la kinywa. Ukuta uliteleza chini ya kiganja chake. Mbele na nyuma yake milango ilifunguka mmoja baada ya mwingine na watu wa Utulivu wakatoka, Mama Joash na mwanawe, wazee, wake kwa waume, vichwa vitupu sasa, vikimeta, hakuna anayemsukuma mwenzake, wote wakielekea kwenye ule mwanga mdogo wa mwisho. Na Priscah alijikuta anatembea nao kwa mwendo wao, na jambo baya kuliko yote, jambo aliloona haya kulisimulia hata baadaye, ni kwamba ilikuwa raha, mvua ilimwambia nguo zako ziko nje, zitalowa, nenda, na miguu ikakubali, na ile harufu iliyokuwa ikimtapisha wiki tatu ikawa harufu ya chakula chake mwenyewe, na tumbo likamnguruma, na akajiona anainua kidole chake anakilamba, na kilikuwa kitamu, na ni ule utamu uliomrudisha, maana pua yake ilijua hata kama mwili wote umesahau, na ikapiga kelele ndani ya kichwa chake kwamba hiki ni kinyaa, kinyaa, kinyaa, na akaanza kuwapenya watu kwa viwiko, ngozi zao zikimteleza mikononi kama samaki, mpaka akafika kwenye jua.

Mfuniko ulikuwa umeondolewa. Chini ya ukingo shimo lilikuwa limejaa nywele. Nyeusi, mvi, nyekundu za dukani, nywele za watoto zikiwa bado na shanga, zimelowa mafuta ya manjano yaliyochemka polepole bila moto, na kati yake kucha, na meno madogo ya utotoni. Watu walisimama wamezunguka. Nekoye alikuwa mbele kabisa, vidole vya miguu vimepita ukingo, mikono ameinyoosha kuanua nguo ambazo hazikuwa kwenye kamba.

Kutoka chini pumzi ikapanda, moto, yenye uvundo, ndefu. Fuuu. Msuko wa pili wa mtoto uling'oka ukapeperuka kama ubawa. Na ndani ya nywele vikatokea vidole viwili. Vilikuwa virefu kama mikono ya mtu mzima, vyeupe, laini, vyenye mikunjo ya mwili wa funza, na chini ya kucha mlikuwa na nywele za miaka. Vilipapasa ukingo. Vikamgusa Nekoye shingoni, taratibu, kama mtu anayeonja unono kabla ya kununua, kisha kutoka gizani ulimi wa kijivu ukapanda ukampitia shavu, mara moja, kutoka kidevuni hadi kwenye jicho.

Priscah alimkamata mtoto kiunoni akavuta. Vidole navyo vikabana, vikavuta.

Ndipo nyuma yake, kwenye mdomo wa ujia, sufuria ilipoanza kulia.

Alikuwa Kukhu, amesimama na sufuria ya obusuma na mwiko, anapiga, na anapiga vibaya. Mvua ilisema ti-ti-ti na yeye akasema ko, ko-ko, ko. Mvua ikabadili mpigo na yeye akaubadili wake. Kila mtoaji wa tsiswa anajua, na ndiyo maana huwafukuza watoto wenye makopo: ngoma mbili zikigombana juu ya kichuguu kimoja, wale wa ndani hurudi. Kukhu alipiga na kutukana, akamtukana mwenye shimo mama yake na meno yake na mikono yake isiyonawa, na mvua ikakosea. Ikaanza upya. Ikakosea tena.

Watu wa Utulivu wakapepesa macho. Mmoja akageuka. Kisha wote wakageuka, wakaanza kurudi gizani, kimya, wakipishana. Phineas alikuwa miongoni mwao na alipompita mama yake alipigwa mwiko wa kichwa uliomwangusha magoti, na akalia kwa uchungu, na kilio kile kilikuwa cha kwanza kusikika mtaani pale kwa muda mrefu.

Vidole vikaachia. Nekoye alimwangukia mama yake kifuani. Na kutoka chini ya nywele, karibu sana, kitu kikasonya. Msonyo mrefu, wa kuudhika, kama wa mtu aliyeharibiwa mlo.

Hawakuchukua hata kijiko. Kwenye ujia walimkuta Mama Joash amesimama mlangoni pake, na Priscah akamshika mkono ule unaoteleza. "Mchukue Joash twende. Sasa hivi."

"Mmeharibu mvua," Mama Joash alisema, na kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa na chuki. Akafunga mlango.

Walirudi nyuma ya soko, kwenye vyumba vilevile, na harufu ya mtaro ikampokea Priscah kama ndugu. Kabla ya kupanda pikipiki ya kurudi Khwisero, Kukhu alimtazama Nekoye muda mrefu, akampapasa lile shavu, akanusa vidole vyake.

"Amepona, Kukhu?"

"Mimi sio daktari."

"Niambie ukweli."

Kukhu alifunga leso yake. "Angalia nzi," alisema. "Mwanadamu ananidanganya, nzi hawezi. Nzi haibangi chakula yenye mwenyewe."

Siku ya nne nzi mmoja alitua kwenye mkono wa Priscah, akajipangusa miguu, akatembea mpaka kwenye kiwiko, na yeye afisa wa afya mwenye fomu ya kijani akamwacha, akalia kwa furaha. Wiki ya pili nzi wakarudi kwa Phineas. Walitua kwenye nyusi yake iliyoanza kuota, na alipowafukuza kwa matusi mkewe alimbusu. Nywele za Nekoye nazo zikaota. Alicheka, alikula, aligombana na watoto wa jirani. Hakuugua tumbo. Hakuugua hata mafua.

Mwezi ukaisha, na ukaisha mwingine.

Jumapili moja, baada ya kanisa, jua kali, walikaa mlangoni wote watatu. Mtaro ulikuwa umefurika na kule nyuma ya ukuta walikuwa wamechinja tangu alfajiri. Nzi walikuwa wamejaa kwenye sahani ya Phineas, kwenye kikombe cha Priscah, kwenye ukuta, kwenye pindo la gauni. Nekoye alikuwa katikati yao na sahani ya wali. Wali wake ulikuwa mweupe. Priscah aliutazama, akaacha kutafuna.

Akachukua kipande cha embe bivu. Akampaka mtoto maji yake shavuni, upande ule, kutoka kidevuni hadi karibu na jicho.

"Mama, unafanya nini?"

"Nyamaza kidogo, mama. Kaa tu hivyo."

Nzi mmoja alikuja, akazunguka, akakaribia shavu kiasi cha upana wa kidole. Akageuka akaenda zake. Mwingine akaja akafanya vilevile. Phineas alikuwa ameweka sahani chini. Priscah aliendelea kungoja, mkono wake mmoja ukiwa mgongoni mwa mtoto, mpaka maji ya embe yakakauka, yakakaza, yakaanza kupasuka pale shavuni.

"Mama," Nekoye alisema, akitazama juu ya paa, kwenye anga nyeupe isiyo na wingu. "Hatuna nguo za kuanua?"